Indika kwenye balkoni Bremen, baridi ya huku itakubali?

Mtoto_wa_Shamba
Wakuu habari za wikendi. Nipo Bremen mwaka wa nne sasa, napiga kazi ya ghala zamu ya usiku, na tangu sheria ya bangi ibadilike hapa Ujerumani Aprili 2024 najiuliza mbona mimi mtoto wa mkulima halafu hadi kotimiri nanunua dukani. Basi mwaka huu nimeamua nijaribu miche mitatu ya bangi, si ndo idadi mtu mzima anayoruhusiwa. Watu wananiambia chukua aina ya indika, asili yake milimani huko Hindu Kush, Afghanistan na Pakistan, baridi imeizoea, ni fupi, majani mapana, inawahi kukomaa. Mbegu nimeshapata, wanasema ni indika asilimia 80. Nipande lini? Na hizi mvua zisizoisha itakuwaje? Nina balkoni ghorofa ya tatu inatazama kusini, ila pia kuna jamaa ana kishamba cha kukodi nje ya mji, vile vya uzio na kibanda, kasema nikaoteshe huko kuna nafasi. Nyumbani mbegu ukiitupa jalalani inaota yenyewe, huku hata nyanya inataka kubembelezwa.

BabaMapacha
Mkuu kabla ya yote hicho kishamba sahau. Ruhusa ni ya pale unapoishi, kwenye kibanda cha wikendi hairuhusiwi, na mmea uwe sehemu ambayo watoto na wapita njia hawaufikii. Pia ukivuna unaruhusiwa kuweka nyumbani gramu 50 zilizokauka, basi, na za kumgawia shemeji hazipo hata kama ni bure. Mambo ya kilimo waachie wenye mikono, mimi hata mnanaa umenifia.

BiKidude_wa_Kaskazini
Mwenzangu nipo Hamburg, mvua yenu na yetu moja, ngoja nikwambie kilichonipata 2024 usije ukarudia.

Wote wanasema indika inavumilia baridi, sawa, ni kweli, ila hawakwambii baridi ya wapi. Kule Hindu Kush ni baridi kavu. Huku ni baridi ya maji, ukungu asubuhi, manyunyu mchana, jioni kila kitu kimelowa. Na ile sifa ya indika ya maua kubana, yaliyoshikana kama gunzi la mahindi, ndiyo inayoua mmea huku, kwa sababu maji yakiingia katikati hayatoki. Mimi nilikuwa na mche mmoja umependeza nikawa naupiga picha kila siku namtumia dada yangu, wiki ya kwanza ya Oktoba naona jani moja dogo katikati ya ua kubwa limekuwa njano, nikalivuta likatoka bila ubishi wowote. Nikalipasua lile ua kwa vidole, ndani kahawia, teketeke kama ndizi iliyolala, na vumbi la kijivu likapeperuka. Kwa nje lilikuwa zima kabisa! Siku tatu baadaye nusu ya mmea imekwenda. Huo ni ule ukungu wa kijivu unaoshika zabibu na stroberi, na usije ukasema utakata palipooza uvute pengine, tupa yote.

Kwa hiyo adui yako sio theluji, ni kalenda. Bangi ya kawaida inaanza kuchanua usiku ukirefuka, huku ni kama mwanzoni au katikati ya Agosti, halafu indika inataka wiki nane hivi za maua, piga hesabu, unaangukia Oktoba kwenye mvua yenyewe. Njia ni mbili. Ya kwanza tafuta zile zinazochanua kwa umri wake bila kujali mchana wala usiku, zina damu ya ruderalis, ile bangi mwitu ya pande za Urusi, nyingi zinamaliza wiki kumi au kumi na moja toka mbegu, ukipanda katikati ya Mei unavuna mwanzo wa Agosti bado jua lipo. Mmea mdogo lakini na wewe si una gramu 50 tu, wa nini mti? Ya pili, mbegu uliyonayo hiyo hiyo, kuanzia mwanzo wa Julai uwe unaingiza vyungu kwenye kabati lenye giza totoro saa moja jioni unavitoa saa moja asubuhi, kila siku, bila kuruka hata siku moja. Utavuna Septemba mapema. Ni kazi, nakwambia, sikukuu hutoki.

Mtoto_wa_Shamba
Aisee asante dada, nilikuwa najiandaa na blanketi kumbe niandae kabati. Sasa mimi zamu ya usiku natoka home saa tatu, narudi saa kumi na mbili na nusu alfajiri, naona hilo kabati linanifaa kabisa 😂 Halafu kuna jamaa ana mbegu za Malawi, anasema hizo ndo zenyewe.

Mzee_wa_Vyungu
Za Malawi achana nazo kijana. Kule kwetu mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, mmea umezoea kujiachia, miezi mitatu minne ya maua unaona kawaida tu. Hapa Juni mwanga unakaribia saa 17, utaurefusha mti mpaka ugonge balkoni ya jirani wa juu na Novemba bado unachanua maua membamba kwenye baridi. Na usithubutu kumwambia mtu akubebee mbegu kwenye begi kutoka nyumbani, sheria ya huku haivuki mpaka na wewe. Za kuagiza ziwe za nchi za Umoja wa Ulaya.

Nyongeza kwa aliyosema Bi Kidude. Otesha dirishani ndani katikati ya Aprili, ila usitoe nje mpaka wapite wale Watakatifu wa Barafu, siku za baridi ya mwisho wanavyoziita hapa, 11 mpaka 15 Mei. Wajerumani wazee hawatanii na hizo siku, jirani yangu ana miaka 80 na kitu hagusi hata boga kabla yake. Ukianza kutoa, toa kwa muda wa saa mbili tatu kwanza, rudisha ndani, wiki nzima hivyo. Chungu usikiweke juu ya zege, weka ubao au matofali mawili, zege la usiku linanyonya joto mizizi inalala. Mizizi ikipoa utaona mashina yanakuwa zambarau na majani yamedumaa, hapo watu wengi wanakimbilia mbolea, wanaumaliza kabisa. Sio njaa ile, ni baridi. Maji mwagia asubuhi yaliyolala ndani, sio ya bomba moja kwa moja. Ila maua yakigeuka zambarau Septemba usiku wa baridi usiogope, hiyo rangi tu.

MamaJunior
Mimi sisemi mengi. Mmevuka bahari kulima bangi ghorofani. Wenye watoto wekeni kufuli la kweli kwenye hiyo balkoni na hilo kabati, sio kamba.

Mtoto_wa_Shamba
Shikamoo mama 🙏 sina watoto ila kufuli nitaweka. Wakuu la mwisho, mbele ya balkoni kuna taa ya barabarani inawaka usiku kucha, ina shida?

BiKidude_wa_Kaskazini
Ina shida sana, usiku wake lazima uwe giza la kweli la sivyo mmea unachanganyikiwa, unaanza maua unaacha unarudi majani. Hapo kabati sio hiari tena. Au chukua hizo za umri, zenyewe taa haziziambii kitu. Na paa la plastiki weka juu, pembeni acha wazi upepo upite, na ikinyesha ukirudi kazini tikisa matawi taratibu maji yadondoke kabla hujalala.

Mtoto_wa_Shamba
Za umri basi. Kabati lenyewe limejaa makoti.