Mwalimu ughaibuni: nitazame nini katika mkataba ili nibakize akiba?

Ndugu wanajamvi, nimepewa mkataba wa miaka 2 wa kufundisha nje ya nchi, pamoja na nyumba na tiketi. Nikague nini kabla ya kutia saini?

Jibu: Mwalimu, tazama mshahara wa msingi, si jumla yenye marupurupu, kwa kuwa mara nyingi kiinua mgongo hukokotolewa juu yake, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa mfano, anayetimiza mwaka hulipwa mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo.

Jibu: Uliza pia kama likizo ndefu inalipwa. Masomo ya ziada nje ya shule (wengi huyategemea) yanaweza kukiuka masharti ya kibali chako.

Muulizaji: Ahsanteni. Likizo haikutajwa, nitaomba ufafanuzi kwa maandishi.