Mipira ya petroli ya Celica imechoka, orijino bei haishikiki, nifanyeje?

Kijana wa Tabata:
Wakuu habari zenu. Nina Celica ST202 ya 96, injini 3S-GE, gari naipenda balaa ila mipira ya petroli imechoka yote. Asubuhi nikifungua boneti harufu inanipokea, na ule wa ritani, unaorudisha petroli kwenye tangi, ukiukunja kidogo tu kwa vidole nyufa zinafunguka kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Nimeulizia orijino, nikaambiwa laki na ushee kwa kampira kamoja na hapo mpaka niagiziwe, nikaondoka kimya kimya. Fundi wangu anasema tuweke ule wa plastiki unaoonyesha ndani, wa bodaboda, tukaze klipu mchezo uishe. Ni sawa kweli? Kama siyo, sisi walalahoi tunanunua nini?

Mzee wa Spana:
Huo wa bodaboda usithubutu mkuu. Kwenye pikipiki petroli inashuka yenyewe kwenye kabureta, presha hakuna, wewe una EFI, yaani petroli inapulizwa na nozeli, pampu inasukuma presha ya psi 38 mpaka 44 na chini yake kuna egzosi ya moto, ukipasuka hapo gari inaungua unaangalia. Nenda Gerezani kwenye maduka ya spea omba mpira wa petroli wa EFI, unauzwa kwa mita, maneno ya muuzaji achana nayo soma maandishi ya ubavuni: SAE J30R9, kwa kifupi R9. Huo unabeba psi 100. Ukiona J30R7 ni wa kabureta, mwisho wake psi 50, lakini usiudharau maana hapo ndipo unapookoa hela, ritani na kale kembamba ka mvuke kanakoenda kwenye kanista, lile kopo linalonasa mvuke wa petroli, havina presha ya maana, R7 inatosha kabisa. R9 weka upande wa presha tu. Saizi pima kwenye bomba la chuma usikariri.

Klipu nazo, chukua zenye mkanda laini, zile zenye matundu zinakula mpira taratibu.

Msafiri wa Likoni:
Kuna kitu hamjasema. Toka filta kwenda reli ya nozeli, lile bomba linalogawa petroli kwa nozeli, ule mpira wa Toyota umeminywa kiwandani na vichwa vya chuma, unafungwa na bolti yenye tundu katikati, huwezi kukata na kuchomeka hivi hivi. Mimi huku Mombasa nilipeleka vichwa vya zamani kwa jamaa wa hozi za haidroliki wakaminya mpira mpya, gharama haikufika robo ya orijino. Zile washa za shaba nunua mpya lakini, za zamani zishalala, utakaza mpaka bolti ikatike na bado itavuja.

Mzee wa Spana:
Naunga mkono ila angalizo, hozi ya haidroliki ni ya oili, siyo zote zinavumilia petroli. Mpelekee R9 yako mwenyewe aminye hiyo, au akuwekee ya teflon yenye wavu wa chuma. Akikwambia "zote ni moja tu hizi" beba vichwa vyako uondoke.

Binti Gereji:
Na wa ndani ya tangi mmeuacha, ule mfupi wa kwenye pampu. Humo R9 usiweke, ngozi yake ya nje haikutengenezwa kuloweka kwenye petroli, italiwa tu. Humo ni J30R10, mita yake ghali ila unahitaji kipande cha kidole.

Kabla hujafungua chochote chomoa plagi ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, piga stati tena kidogo presha iishe, ndio utoe waya hasi wa betri. Ukimaliza kufunga rudisha plagi na waya wa betri, ila usikimbilie kuwasha. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS, unganisha FP na +B kwa kipande cha waya, swichi ON, pampu itasukuma injini ikiwa imezima, we pitisha tishu kavu kila kiungo. Mtungi wa poda wa kuzimia moto uwe karibu na fundi sigara aiache nje, nawajua hawa.

Kijana wa Tabata:
Ahsanteni sana aisee. Fundi nimemwonyesha huu uzi kanuna. Jumamosi naenda Gerezani. Dada, hiyo R10 naipataje kipande tu bila kununua mita nzima?

Binti Gereji:
Waulize wauza pampu, baadhi ya pampu mpya zinakuja na kampira kake na klipu humo humo kwenye boksi. Ila soma maandishi kwanza, kasipokuwa na R10 muachie.