Nimerudisha friji bovu, wao wamenipiga picha wakaandika "mteja wetu akipokea friji lake jipya"

Mama Barafu Makorora
Jamani nina hasira mpaka vidole vinatetemeka. Wale jamaa mnawajua, siwataji. Wale wenye ukurasa wa Instagram unaong'aa kama sinia la harusi, kila siku ofa.

Friji nililiona humo humo, nikalipa kwa simu. Siku ya tisa likafa. Juisi ya ukwaju ikachacha, barafu za watoto wa shule zikawa uji. Inbox kimya. Nikakomenti, wakafuta. Leo nimekodi guta, friji mbele, mimi nyuma nimelikumbatia lisianguke, jua la Tanga linanikaanga, uso nimeukunja kama ndimu iliyokamuliwa. Kufika mlangoni kijana wao akanipiga picha. Nikajua anaweka ushahidi.

Saa nane nafungua simu: mimi, friji, guta. "Mteja wetu akipokea friji lake jipya. Karibu nawe tukuhudumie." Na makopa mekundu matatu. AKIPOKEA! Mimi NARUDISHA!

Watu mia tatu wamelaiki. Wifi yangu kaandika "hongera wifi, mambo si ndiyo haya". Wa kikoba wanauliza marejesho yako wapi kama hela ya friji jipya ninayo. Akipokea! Friji linanuka ukwaju mpaka barabara ya kumi na tatu!

Mitandao siikatai, bila status ya WhatsApp ubuyu wangu haufiki Raskazone. Lakini kunifanya mimi bango lao? Akipokea!

Chuma cha Reli
😂😂 Waja leo waondoka leo, hata friji limeshika desturi ya Tanga. Ila dada ungetabasamu kidogo.

Kibarazani
Si la kucheka hili. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Picha yako ni taarifa yako. Wakikutangazia biashara bila ridhaa, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na umefanya vyema kutowataja, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 usiichezee.

Mama Barafu Makorora
Ridhaa ningeitoa na nini kaka, mikono yote miwili ilikuwa kwenye friji! AKIPOKEA!

Mvuvi wa Sahare
Afadhali wewe umejibiwa kwa picha. Kuna ofisi moja ya serikali, nayo mnaijua. Ukurasa wao ni bosi akikata utepe, bosi akipanda mti, bosi akinywa maji. Nimeuliza kibali changu, wamefunga komenti. Nimekwenda kwa miguu, dirishani naambiwa "taarifa zote ziko kwenye ukurasa wetu". Nilitamani kuingia ndani ya simu niwatafute.

Keki Chumbageni
Nyie mnalilia komenti. Mimi wateja wangu wa X walipotea ilipofungwa Mei 2025. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Oda zangu zote ziko WhatsApp, keki ya ghorofa tatu iko mezani, ya nani sijui, ramani ya ukumbi sina. Daftari nilishalitupa, eti mambo ya kizamani. Nimenunua jingine.

Mvuvi wa Sahare
Pole sana dada. Keki iliishia wapi?

Keki Chumbageni
Watoto wa mtaa mzima walikula harusi ya watu.

Chuma cha Reli
Wenye keki ndio mnaoniudhi kuliko wote. Picha ishirini, bei hamna. Mtu hajui abebe elfu thelathini au auze baiskeli.

Mama Barafu Makorora
Jamani, na friji langu? Komenti zimefika mia, kuna mtu anawauliza kama lipo la rangi hiyo hiyo!

Chuma cha Reli
Subiri kwanza mama. Dada wa keki, ya kilo mbili unauzaje?

Keki Chumbageni
Njoo inbox.