Lubumbashi–Kinshasa siku tatu tu: nifanye nini nipate tiketi ya bei nafuu?

MamaNaomi_Katuba

Jambo yenu wote.

Mimi ni mshonaji, nina cherehani mbili hapa Katuba. Yaya yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, anaishi Lemba kule Kinshasa. Mwezi wa pili alipooza upande wa kushoto. Tangu hapo nimekwenda kumwona mara tatu, na kila mara ni siku tatu tu, kwa sababu nikikaa zaidi wateja wananikimbia, na harusi za kiangazi hazingoji mtu. Siku tatu ni chache, najua. Lakini nikifika ananishika kwa ule mkono wake mzima na haniachi mpaka chakula kinapoa. Siwezi kuacha kwenda.

Shida yangu ni tiketi. Safari ya kwanza nililipa dola 340 kwenda na kurudi. Ya pili 395. Ya tatu, mwezi wa sita, 460. Na hiyo ya tatu, wakati wa kurudi, nilikaa karibu na kijana mmoja wa Ruashi, tukaongea njia nzima. Yeye naye alikwenda na kurudi kama mimi, akalipa 370. Ndeke moja, siku moja, viti vinafuatana, hata mkate tuliopewa ni uleule! Dola 90 kwangu ni mshono wa nguo sita.

Mtu asiniambie gari moshi. Mpaka Ilebo, halafu mashua kushuka mto: siku zangu tatu zitaisha hata Kananga sijaiona.

Nataka kwenda tena mwezi wa nane. Naomba wanaojua waniambie: kwa nini bei zinaachana hivyo, na mtu anunue lini, wapi? Mara nyingine kaka yangu anataka tuende wote wawili, kwa hiyo mnieleze na hiyo.

Tresor_Golf

Mama, pole sana kwa yaya. Mwezi wa sita ndio uliokuumiza. Ni mwezi wa DRC Mining Week, ule mkutano mkubwa wa migodi hapa Lubumbashi. Wageni wa migodi wanajaza ndeke na hoteli zote. Kama ulirudi wiki ile, ulikuwa unagombania kiti pamoja nao. Mwezi wa nane uwe mwangalifu na siku za mwisho: masomo yanafunguliwa mwanzo wa mwezi wa tisa, wazazi wote wanarudisha watoto kwa wakati mmoja. Nenda kabla ya tarehe 20.

PapaMonga_Kamalondo

Mama Naomi, Mungu ampe yaya nguvu. Nilikaa miaka 11 nyuma ya dirisha la tiketi katika ajansi moja hapa mjini, kwa hiyo acha nikuonyeshe kile ambacho muuzaji anakiona na wewe hukioni.

Ukimwambia "nataka kwenda Kinshasa Jumanne", kwenye kompyuta yake safari inatokea kama mstari wa herufi na namba. Mfano: Y9 B9 M4 Q2 V0. Kila herufi ni fungu la viti vya bei moja. Y ndiyo ya juu, halafu bei zinashuka. Namba ni viti vilivyobaki katika fungu hilo: 9 maana yake vipo tisa au zaidi, 0 maana yake fungu limefungwa. Kijana wa Ruashi alinunua wakati V bado ina viti. Wewe ulifika V imeisha, Q imeisha, wakakupa M. Kiti ni kilekile na mkate ni uleule, lakini mlichukua katika mafungu mawili tofauti. Ndiyo maana swali la "tiketi ni bei gani?" halina jibu moja. Uliza hivi: "Fungu la chini kabisa lililo wazi wiki hii ni la siku gani?" Muuzaji mwenye moyo atageuza kioo cha kompyuta akuonyeshe. Asipotaka kutafuta siku nyingine, nenda ajansi ya pili, hazikosekani.

Sasa hilo la kaka yako, na hapa watu wengi wanapoteza pesa bila kujua. Mkiomba viti viwili kwa pamoja, na fungu la chini limebaki na kiti kimoja, kompyuta haiwagawi. Inawapandisha wote wawili hadi fungu lenye viti viwili. Mwambie muuzaji aandike mmoja kwanza, halafu wa pili. Mmoja wenu atalipa bei ya chini. Nakumbuka familia ya watu watano kutoka Kipushi. Mwenzangu wa dirisha la pili aliwaandika wote kwa mara moja kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na viti vitatu vya bei ya chini vikabaki pale pale kwenye kioo. Niliviona kwa macho yangu, baba yule ameshalipa tayari. Mpaka leo linanikera.

Kuhusu lini: kwa safari hii mimi nasema wiki tatu au nne mbele. Jumatatu asubuhi na Ijumaa ni siku za watu wa kazi, mafungu ya chini yanaisha haraka. Jumanne, Jumatano na Alhamisi kuna nafasi. Na usijifunge kwa kampuni moja. Kuna CAA, na tangu mwezi wa 12 mwaka 2024 kuna Air Congo, ile ambayo taifa lina asilimia 51 na Ethiopian Airlines 49. Ilianza na Boeing 737-800 mbili. Ndeke ya namna hiyo inabeba watu zaidi ya 150, na viti vikiwa vingi njia moja, mtu mwenye subira anapata.

Kama pesa haijatimia, omba wakushikie kiti. Tulikuwa tunaita "option". Mara nyingi ni siku moja, pengine mbili. Lakini elewa: kiti ndicho kinachoshikwa. Bei inakuwa yako siku tiketi inapotolewa.

Mambo mengine ya haraka. Jina: sisi tuna majina matatu, na tiketi ina sehemu mbili tu za kuandika. Peleka kadi yako ya mpiga kura, simama pale, soma herufi moja moja kabla hawajatoa tiketi. Baada ya kutoa, kusahihisha kunaweza kulipiwa. Noti: dola yenye mpasuko hata mdogo kama ukucha itakataliwa, wewe mwenyewe unajua hapa kwetu. Chagua safi ukiwa nyumbani. Ukitaka kulipa kwa falanga, uliza kwanza wanahesabu dola moja kwa falanga ngapi, maana hapo pia kuna dola tano au kumi zinazopotea kimya. Na Go-Pass, ile kodi ya uwanja wa ndeke, hailipwi mara moja kwa safari nzima: unalipa uwanja wetu wa Luano ukienda, unalipa tena uwanja wa N'djili kule Kinshasa ukirudi. Ilipoanza 2009 ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani. Uliza kwanza kama imo ndani ya bei ya tiketi au bado iko nje, ndipo ulinganishe ajansi na ajansi.

Bijou_wa_Bilamba

Papa Monga amesema vizuri, ila mimi nina neno juu ya hiyo bei ya chini. Nafanya biashara ya nguo za watoto, naenda Kinshasa kila mwezi na nusu, siku mbili au tatu kama Mama Naomi. Mwaka jana nilifurahia tiketi moja, ilikuwa chini ya nyingine zote kwa dola 60. Kampuni siitaji. Kwenda, sawa. Siku ya kurudi nimefika N'djili kabla jua halijatoka, nimelipa teksi kutoka Masina, na mizigo yangu imefungwa vizuri. Wakatuambia ndeke haipo. Lini basi? Baada ya siku tatu, kwa sababu kampuni ile ilikuwa inakuja Lubumbashi mara mbili kwa wiki tu. Kuna mama alikuwa pale na mtoto wa miezi minne, ameketi juu ya valizi, hana ndugu Kinshasa, anauliza kila mtu mwenye sare: "Sasa mimi nilale wapi?" Hakuna aliyemjibu. Nilimchukua tukalala wote kwa rafiki yangu. Nyumba ya wageni, chakula, teksi za kwenda na kurudi uwanjani kuuliza: ukihesabu hayo, zile dola 60 zilikwisha siku ya kwanza.

Kwa hiyo, Mama, kabla ya kuuliza bei, uliza kampuni inaruka mara ngapi kwa wiki. Ikiruka kila siku, ikikuangusha leo utaondoka kesho. Kwa mtu wa siku tatu hilo ni kubwa kuliko dola 30. Chukua ndeke ya kwanza ya asubuhi, maana ya jioni inabeba machelewo yote ya mchana. Na miadi ya daktari wa yaya usiiweke siku ileile unayofika, hata kama saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja na unaona umefika mapema. Barabara ya Lumumba kutoka uwanjani inaweza kukula asubuhi nzima.

Mimi sasa nanunua kwenda kwa kampuni moja na kurudi kwa nyingine. Moja ikianguka, nyingine inabaki.

PapaMonga_Kamalondo

Mdogo wangu Bijou, hapo umenifundisha, la kuuliza wanaruka mara ngapi ningelisema mimi kwanza. Kwa hizo tiketi mbili nakubali, ila hesabu kila mara. Siku nyingine kwenda na kurudi kwa tiketi moja kunashuka bei. Faida nyingine ya kutenganisha: tiketi ikiwa moja, ukikosa kupanda wakati wa kwenda, kompyuta inafuta na kurudi kwako. Watu wamelia dirishani kwangu kwa jambo hilo.

Furaha_Goma

Ninawasoma kutoka Goma. Uwanja wetu ulifungwa mwisho wa Januari 2025, na mimi kumwona mama yangu Kinshasa nimelazimika kutoka nchini kwanza, mpaka Kigali, ndipo nipande ndeke. Mama Naomi, wakati njia yako iko wazi, nenda mara nyingi uwezavyo.

MamaNaomi_Katuba

Furaha, nimesoma maneno yako mara mbili. Mungu awafungulie.

Nimerudi kuwaambia. Jumamosi nilikwenda ajansi mbili. Ya kwanza kijana alinitazama tu niliposema "fungu la chini". Ya pili kuna dada mmoja mpole, aligeuza kioo chake akanisomea. Alhamisi niliyoitaka ilikuwa na M peke yake. Tukasogeza siku, tukapata kwenda Jumanne ya wiki ya pili ya mwezi wa nane, kurudi Alhamisi, ndeke ya kwanza ya asubuhi, na kampuni zote mbili zinaruka kila siku. Tiketi mbili mbalimbali, kama Bijou alivyosema: 165 kwenda, 172 kurudi. Dola 337, na Go-Pass iko nje. Tulipima na ya pamoja, ikatoka 351. Jina langu la katikati alikuwa amesahau herufi moja, nikamwonyesha kwenye kadi, akasahihisha palepale. Noti moja ya 20 aliikataa, ina kitundu cha pini ambacho mimi nilikuwa sijakiona. Nilikuwa na nyingine.

Kaka yangu hataenda safari hii, kwa hiyo nabaki na mfuko wa mkononi tu. Yaya ameomba kikanda, ile ya mizizi na karanga inayoshikana kama mkate. Anasema ile anayouziwa Kinshasa haina karanga za kutosha. Bijou, wewe unayepita pale mara nyingi: nikiipika usiku wa kuamkia safari, nitaruhusiwa kuibeba mkononi, au wataniambia niitie kwenye mzigo?

Bijou_wa_Bilamba

Ibebe mkononi, Mama. Mimi nimepita nayo mara mbili Luano. Ipike mapema jioni ipoe na kushikana vizuri, usiikate, ifunge nzima kwenye jani la ndizi halafu mfuko juu yake. Wakifungua waone ni kitu kigumu kama mkate. Pilipili ya maji usibebe, hiyo wataitoa.