Kunyanyua 4x4: springi 50, bodi 50, tairi 50, hapo bado niko ndani ya sheria?

TopeJingi
Wakuu salama? Naomba msaada maana nimesoma mpaka kichwa kinauma. Gari yangu ni 4x4 ya chesisi, mbele springi za koili nyuma zile za bapa, tairi za kiwandani 265/65R17. Nataka kuinyanyua maana nikiingia tu kwenye makorongo inalamba tumbo. Mpango wangu ni springi za kunyanyua milimita 50, blok za bodi 50 (zile zinazokaa kati ya bodi na chesisi), na tairi niweke 285/70R17 ambazo zinazidi za zamani kwa kama 50 hivi. Jamaa mmoja aliniambia mwisho wa sheria ni 50, sasa mimi naona kila kitu kiko ndani ya 50, au nimechemka? Sitaki nifunge vyote halafu siku ya ukaguzi niambiwe fungua.

Fundi_Chesisi
Umechemka mkuu ila usijali, wengi wanachemkia hapo hapo. Kwanza hiyo 50 ni ya wapi? Hakuna sheria moja ya dunia nzima. Hiyo namba inatajwa sana kwa sababu ya Australia, wana kitabu chao cha marekebisho ya magari kinaitwa VSB 14, na hata huko huko majimbo yanapishana ni milimita ngapi unaruhusiwa bila cheti cha injinia. Marekani kila jimbo na lake, kuna wanaopima bampa kutoka ardhini kuna wanaopima chesisi. Ujerumani ukifunga kitu hakina karatasi, kibali cha gari kutembea barabarani kinaweza kufa mpaka watu kama TÜV, wakaguzi wa magari wa huko, waikague na iandikwe kwenye nyaraka zake. Kwa hiyo anza na mamlaka ya mahali gari ilipoandikishwa, usianze na jamaa.

Pili, penye kikomo cha kimo mara nyingi wanahesabu JUMLA. Springi 50 jumlisha bodi 50 ni 100 tayari, tairi bado. Hakuna mkaguzi atakayekuhesabia moja moja kama unanunua nyanya.

kobe_wa_mchanga
Na kwenye tairi usichanganye kipenyo na kimo. 265/65R17 kipenyo chake ni kama 776 mm (265 mara 0.65 mara mbili, jumlisha rimu 17 mara 25.4). 285/70R17 inakuja 831. Tofauti ni kama 54 na ushee, lakini gari inapanda nusu yake tu, 27, maana nusu nyingine inaenda juu ya ekseli. Kwa hiyo mpango wako wote ni 50 + 50 + 27 = 127 mm. Hiyo sio kunyanyua kidogo mzee 😂

Halafu kwa hiyo hiyo VSB 14, tairi ya 4x4 isizidi kipenyo cha tairi kubwa kuliko zote alizoidhinisha mtengenezaji kwa gari hiyo kwa zaidi ya 50. Kama ya kwako kubwa ni hiyo 265/65 basi 285/70 imepita. 275/70R17 ni 817, imezidi kwa 40 tu. Ila angalia kile kibandiko cha mlangoni, saa nyingine mtengenezaji ameandika saizi mbili na wewe unapigia hesabu ile ndogo.

TopeJingi
Duh, 127! Asanteni. Sasa tairi tu zikiwa kubwa kidogo tatizo liko wapi hasa, si rabba tu hiyo?

kobe_wa_mchanga
Spidomita. Inahesabu mizunguko, haijui umebadilisha tairi. Na 285/70 dashibodi ikisoma 100 wewe uko 107. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 ambayo nchi nyingi zinaifuata inasema spidomita isisome chini ya kasi halisi hata kidogo, kuzidisha ndio inaruhusiwa kiasi. Kwa hiyo utakula faini ya spidi na ukaguzini uanguke, kwa kosa moja.

Angalia pia namba za ubavuni. Tairi za matope nyingi zina herufi ya kasi Q, mwisho kilomita 160 kwa saa, na mamlaka nyingine hazikubali ushuke chini ya herufi ya kiwandani. Namba ya mzigo ndio usiguse kabisa, 112 maana yake tairi moja inabeba kilo 1120, usishuke hapo eti kwa sababu ile nyingine ina meno mazuri. Na uso wa tairi usitokeze nje ya madigadi, hapo wakaguzi hawana hata haja ya tepu, wanachungulia kwa juu tu.

MamaSafari
Mimi yalinikuta na springi, nisikilize mdogo wangu. Nilifungiwa springi zimeandikwa 50, fundi kaniambia twende kazi. Ukaguzini gari ikapimwa imepanda 65! Kumbe zile springi ni za gari yenye mzigo wa kudumu, bampa la chuma mbele, tanki la pili, hema juu, na yangu ilikuwa tupu kama ilivyotoka kiwandani. Springi ngumu chini ya gari nyepesi haikai pale ilipoandikwa, inasimama juu. Nikarudi kununua nyingine. Kwa hiyo kabla fundi hajagusa nati yoyote chukua tepu, pima katikati ya kofia ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, uandike. Ukishabadilisha bila kuwa na vipimo vya kwanza huna cha kubishana nacho. Tairi haionekani kwenye kipimo hicho, hiyo unaijumlisha pembeni.

Fundi_Chesisi
Dada kasema kweli tupu. Niongeze na vitu ambavyo watu wanaona sheria inawaonea bure. Nyuma kwenye pikapu nyingi kuna valvu ya breki ina kifimbo kimefungwa kwenye ekseli. Ukipakia mzigo mkia unashuka, kifimbo kinasukumwa, valvu inaruhusu breki ya nyuma ishike zaidi. Ukinyanyua mkia bila kurekebisha hicho kifimbo valvu inaona gari iko tupu siku zote, hata ukiwa na tani, na breki za nyuma zinabaki legelege. Nimekuta gari za hivyo kadhaa, mwenyewe analalamika tu pedi za mbele zinaisha haraka.

Mpira wa breki nao, ning'iniza gurudumu mpaka mwisho uone kama haujakaza. Blok za bodi zinavuta shafti ya stelingi, kwa hiyo sio suala la boliti ndefu tu. Na shekeli ndefu za nyuma (vile vipande vinavyoshika ncha ya springi za bapa kwenye chesisi) ambazo watu wanapenda kwa sababu ni rahisi, ikiwa ndefu kwa 50 gari inapanda kama 25 tu, halafu pembe ya ekseli inageuka na propela inaanza kutetema. Mimi sizifungi.

Ukitaka zaidi ya 50 kwa utaratibu wa VSB 14 basi ni injinia, na mpaka 150 gari inafanyiwa jaribio la kuhama leni ghafla kwa kasi. Tena safari ya springi kwenda juu na chini ibaki angalau theluthi mbili ya ile ya kiwandani, wale wanaoweka vizuizi virefu ili tairi isiguse madigadi wanadondoka hapo.

Spana17
bima je? hapo hamjasema. ukinyanyua bila kuwaambia siku ya ajali wanakuja na tepu pia 😅 tuma vipimo na cheti kwa maandishi wakujibu kwa maandishi

MamaSafari
Kweli kabisa. Na taa za mbele zirekebishwe, gari ikipanda zinawapiga wenzako machoni. Kama ina kamera au rada ya kufunga breki yenyewe hiyo nayo ipangwe upya.

TopeJingi
Nimeelewa wakuu. Blok za bodi nimeachana nazo, naenda springi na 275/70, jumla kama 70, na kesho naulizia mamlaka kwa maandishi kama hiyo inataka cheti. Nimetoka kupima sasa hivi kama dada alivyosema, mbele kushoto 512, kulia 504, nyuma zote 531. Na sijagusa kitu! Hiyo 8 imetoka wapi?

Fundi_Chesisi
Kulia ndio kwa dereva?

TopeJingi
Ndio.

Fundi_Chesisi
Springi imelala upande wako, miaka yote umeikalia wewe. Pima tena sakafu tambarare, upepo wa tairi ukiwa sawa, tanki nusu, na upige picha tepu ikiwa pale pale. Ikibaki 8 mwambie anayekuuzia springi kabla hujalipa, kuna wanaotoa ya kulia ndefu kidogo.