Koti la kiume au buti nyeusi? Nataka kuvaa kama Cara Delevingne

Pindo_Refu
Wadau habari za jioni. Namkubali sana yule mwanamitindo wa London, Cara Delevingne, hasa ile miaka yake ya mwanzo. Alikuwa anashuka jukwaani na gauni la maana, kisha unamkuta kwenye picha za barabarani mzula umemshuka hadi kwenye nyusi, macho makengeza, ulimi nje. Nimejikusanyia hela ya kitu kimoja tu. Nachagua kati ya koti la kiume jeusi lenye mikia nyuma, kama lile alilovaa harusini Windsor mwaka 2018, na buti za Dr. Martens za matundu manane. Mngekuwa nyie mngechukua kipi? Naagiza kabla wiki haijaisha.

Mzee_wa_Gidamu
Unavaa wapi? Kazini, chuoni, kwenye shughuli? Una urefu gani? Umeuliza kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu ananyamaza.

Bi_Sindano
Na mguu saizi gani? Hizo za matundu manane, zinazoitwa 1460, haziji na nusu saizi. Mimi niko katikati, nikashauriwa nishuke, nikashuka. Wiki tatu za malengelenge, kisha ngozi ikalegea, na sasa sizivui. Jina lenyewe ni tarehe, jozi ya kwanza ilitoka 1/4/1960. Kura yangu buti. Koti utalivaa mara mbili kwa mwaka, buti utazivaa mpaka soli iombe radhi.

KofiaKando
Buti si Cara hata kidogo. Buti ni Agyness Deyn, yule mwanamitindo wa nywele fupi nyeupe, aliyezivaa kabla Cara hajajulikana mpaka akaja kutoa nguo na viatu pamoja na Dr. Martens wenyewe. Cara ni raba, mzula, na zile nguo za kulalia za kipande kimoja zenye masikio ya mnyama. Mtu aliyechorwa neno "Bacon" kwenye unyayo humuigi kwa buti.

Nusu_Mita
Kuhusu koti, nisikilizeni mimi niliyeungua. Niliagiza koti la kiume mtandaoni, duka silitaji. Kwenye picha alilivaa dada mmoja mrefu, limemkaa kama kazaliwa nalo. Lilipofika, kifua sawa, kiuno sawa, mabega yakaning'inia vidole vitatu nje ya bega langu. Nikalipeleka kwa fundi. Akaligeuza ndani nje, akapapasa bitana, akaniambia, "Mabega hayapunguzwi, dada, yanavunjwa." Nikamwambia avunje. Akafumua mkono wa kulia, pedi ikadondoka mezani, ya njano kama kipande cha godoro. Akakata, akashona, akahamia wa kushoto. Siku ya kulichukua nilikuwa na haraka, nikajitazama upande mmoja tu. Nikiwa kwenye sherehe ndipo mtu akaniuliza kwa upole kama bega linaniuma. La kulia lilikuwa limeshuka kuliko mwenzake! Picha zote za siku ile nimelipandisha kama mtu aliyebana simu na shavu. Urefu fundi atapunguza, mikono atapunguza, kiuno atapunguza. Bega likigoma, lirudishe siku hiyo hiyo.

Pindo_Refu
Pole dada, nimecheka lakini pole. Haya, nilisahau kusema: ni kwa ajili ya harusi ya dada yangu. Nina sentimita 158.

Mzee_wa_Gidamu
Harusi! Hilo ndilo ulilisahau? Kwanza, mikia ya koti lile inatakiwa iishie nyuma ya goti. Kwa kimo chako, ukiagiza la mwanamume wa kawaida itakupiga kwenye ndama. Pili, dada yako anajua? Cara mwenyewe alimuuliza bibi harusi wa Windsor, Princess Eugenie, kwanza kama anaruhusiwa.

KofiaKando
Na chini yule binti alivaa visigino vyembamba, hakuvaa buti. Siku ile kulikuwa na upepo mkali, wageni wanakimbizana na kofia zao, yeye kashikilia ile kofia ndefu iliyosimama kama kopo. Bila kofia ile, ukivaa koti lenye mikia watu watakuuliza vinywaji viko wapi.

Bi_Sindano
Hahaha, wataagiza kabisa.

Mshono_Mmoja
Samahani, mbona mnamwita binti? Kazaliwa 1992. Kama mnataka mwenye mtindo wake kweli, mtazameni mwanamitindo Adwoa Aboah. Madoadoa usoni hayafichi, kichwa kimenyolewa, bado akawa kwenye jalada la kwanza la mhariri Edward Enninful pale jarida la British Vogue, Desemba 2017. Huyo hahitaji mikia.

KofiaKando
Cara naye alinyoa kichwa 2017. Tuendelee.

Mshono_Mmoja
Alinyoa kwa ajili ya filamu. Tofauti kubwa.

Bi_Sindano
Mnabishana nywele wakati kitu cha Cara ni nyusi. Toka zile nyusi zianze kuonekana kila mahali, wangapi tuliacha kunyoa zetu? Mimi zangu zimekataa kurudi upande wa kushoto mpaka leo.

Nusu_Mita
Nyusi ni rahisi kuliko koti. Angalau hazina bega.

Pindo_Refu
Nimemuuliza dada. Amesema koti sawa, buti sawa, vyote pamoja hapana, na kofia nisiitaje tena. Kwa hiyo nimerudi pale pale.

Mzee_wa_Gidamu
Basi tupe vipimo: bega kwa bega, na kutoka shingoni hadi nyuma ya goti. Na saizi ya mguu, Bi Sindano alikuuliza tangu mwanzo.

Pindo_Refu
Mguu ni 5 na nusu.

Bi_Sindano
Nilijua tu.

Pindo_Refu
Vipimo vya bega nitaleta kesho, sina wa kunishikia futi. Wakati huo huo, kuna anayejua rangi ya ndevu inatolewaje kwenye nyusi? Nilijaribu jioni hii. Nimeosha mara mbili, bado nyeusi kama lami, na moja imepanda hadi karibu na kipaji.

KofiaKando
Weka picha.