Mrejesho: mseto wa rege na fanki umekubali

Wadau, niliuliza kwa nini ninapopigia watu muziki, nikitoka rege kuingia fanki, wanarudi vitini. Mliosema tatizo si spidi tu mlikuwa sahihi. Rege ya wandropu (mdundo wa "one drop") huacha pigo la kwanza kati ya manne wazi, kiki, yaani ngoma kubwa ya mguu, inatua kwenye la tatu. Fanki ya James Brown inalikandamiza hilohilo la kwanza. Ukiunganisha ghafla, miguu inapotea. Jumamosi nikaweka kumbia, muziki wa dansi wa Kolombia, katikati: mkwaruzo wa ala yake ya kukwaruza unakaa karibu na gitaa la rege, hakuna aliyeshtuka. Dab (dub, rege iliyopunguzwa sauti za waimbaji na kujazwa mwangwi) ya King Tubby, fundi sauti wa Jamaika, nimeihamishia mwanzoni, watu wakiwa bado wanakula. Salsa ingali inanishinda, ile klave, mdundo wake wa msingi wa mapigo matano, inanichanganya. Ila dakika 90 zimeisha bila mtu kuomba singeli, na mtaani kwetu huo ni muujiza.